Nani Aliibeba Ile Shampeni? Mtalii wa "Marekani", Matope ya Mkata na Watu Wasio na Majina

Kuna chupa moja ya shampeni ilipita Kilosa mwaka 1871.

Ndiyo, umesoma vizuri. Shampeni, Kilosa, 1871. Hakuna reli, hakuna lami, hakuna umeme, hakuna hata duka la kuuza soda ya moto. Lakini chupa ya mvinyo wa Ufaransa, pamoja na vikombe vya fedha vya kuinywea, ilivuka mito, ikavuka tope la Mkata, ikapanda milima ya Usagara na kwenda zake hadi Ujiji. Novemba mwaka huo mwenye chupa akaifungua mbele ya Dk. Livingstone, wakagonganisha vikombe, na dunia nzima ikapata stori ya kusimulia mpaka leo.

Mwenye chupa tunamjua. Aliyeinywa naye tunamjua. Chupa yenyewe tunaijua hadi aina yake, iliitwa Sillery. Sasa wadau, swali la leo: nani aliibeba?

Maana chupa haina miguu. Kuna mtu aliiweka ndani ya mzigo, akautwika mzigo kichwani au begani, akatembea nao miezi. Huyo ndiye ninayemtafuta. Na ukimtafuta vizuri utagundua kumbe bado yupo, tena huenda wikiendi iliyopita ulipiga naye picha Mikumi.

Mmarekani wa mchongo

Tuanze na mwenye msosi wake, Henry Morton Stanley. Alikuja na bendera ya Marekani ikipepea mbele ya msafara, akilipwa na gazeti la Marekani, New York Herald. Kazi aliyopewa ilikuwa moja: kamtafute Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti aliyekuwa hasikiki, halafu utuletee stori ya kuuza magazeti. Kwa lugha ya leo tungesema ametumwa kutafuta kiki. Na kiki aliipata.

Ila Umarekani wake ulikuwa na utata kidogo. Jamaa alizaliwa Wales mwaka 1841, jina lake la kwanza John Rowlands. Maisha ya utotoni yalikuwa magumu kwelikweli, alilelewa kwenye nyumba ya maskini. Akiwa kijana mdogo akapanda meli, akaibukia New Orleans, akabadilisha jina. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza akapigana upande wa Kusini, akatekwa, akahamia upande wa Kaskazini. Uraia rasmi wa Marekani alikuja kuupata mwaka 1885, halafu miaka michache baadaye akarudi kuwa Mwingereza. Kwa hiyo "Mmarekani" wa kwanza maarufu kupita Kilosa alikuwa mtoto wa Wales aliyejitengeneza upya. Wanaofungua akaunti mpya na jina jipya, hamkuanza nyie.

Shopping ya Unguja

Kabla ya Kilosa kulikuwa na Unguja. Stanley alishuka pale Januari 1871, akapokelewa na konseli wa Marekani, Kapteni Webb. Usishangae Marekani kuwa na konseli Unguja zama hizo. Marekani na Sultani Said walisaini mkataba wa biashara mwaka 1833, na konseli wa kwanza alifika mwaka 1837. Meli za Salem, mji wa bandari kule Massachusetts, zilikuwa zinaijua Unguja vizuri kuliko Wamarekani wengi wanavyoijua leo.

Na sisi pia tuliwahi kwenda kushangaa kwao. Mwaka 1840 meli ya Sultani iliyoitwa Sultana ilitia nanga New York, imebeba zawadi na bidhaa, ikiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Watu wa New York walijaa bandarini kuwatazama wageni, na mjumbe akachorwa picha kubwa ya rangi. Fikiria hilo: kabla Mmarekani hajaja Kilosa kutushangaa, wao walishasimama foleni kutushangaa sisi.

Meli za Salem zilileta kitu ambacho bibi yako anakijua kwa jina: merikani. Kile kitambaa cheupe, kigumu kidogo, cha pamba. Jina linasema lenyewe kilikotoka. Bara nzima merikani ilikuwa ndiyo pesa. Ukitaka kuku unatoa kitambaa. Ukitaka kupita kwa mtemi unatoa hongo, nayo ni kitambaa. Mshahara wa mpagazi, kitambaa. Posho ya chakula, kitambaa. Kilipimwa kwa mikono: mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Vita vya Marekani vilipokata pamba miaka ya 1860, viwanda vya Uingereza na India vikachukua soko, lakini watu wakaendelea kukiita merikani hivyo hivyo.

Sasa Stanley alikaa Unguja na Bagamoyo wiki kadhaa akinunua. Merikani, kaniki, shanga za kila rangi maana kila kabila lilikuwa na fasheni yake na ukikosea rangi unalala njaa, na nyaya za shaba. Mzigo wote ulifika karibu tani 6. Ukishakuwa na tani 6 na barabara hakuna, unahitaji kitu kimoja tu: vichwa na mabega ya watu.

Tambarare ile ile

Misafara yake iligawanywa mitano, jumla karibu watu 200. Wazungu walikuwa watatu tu: yeye, John Shaw na William Farquhar. Wa mwisho kuondoka Bagamoyo ulikuwa msafara wake mwenyewe, tarehe 21 Machi 1871. Kama umekulia Bongo unajua Machi mwishoni inaleta nini. Masika.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32. Chukua mfuko wa saruji, upunguze kidogo, uweke kichwani, tembea kutoka Bagamoyo hadi Morogoro. Umechoka? Bado hujafika Mkata.

Tambarare ya Mkata ndiyo hiyo hiyo ambayo leo ukiingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi unaambiwa "hapa ndipo penyewe, simba wanaonekana kirahisi". Stanley aliikata upande wa kaskazini, njia ya kwenda Kilosa, na hifadhi iko kusini zaidi, lakini ni bonde moja, mto mmoja, tope moja. Wakati wa kiangazi ni nyasi za dhahabu na swala wanapozi. Wakati wa masika ni bwawa. Na wao waliingia masika.

Punda walizama kwenye tope, ikabidi wavutwe. Watu walitembea ndani ya maji siku baada ya siku, mizigo juu ya vichwa isilowe, maana kitambaa kikioza ndiyo pesa imeoza. Stanley mwenyewe akashikwa na kuhara damu, akakonda mno. Wapagazi wakaugua. Walipotokea upande wa pili, mwanzoni mwa Mei, kwenye kijiji alichokiandika Rehenneko, chini ya milima ya Usagara, ilikuwa zaidi ya wiki 6 tangu watoke Bagamoyo. Na usidhani Stanley alikuwa mzembe tu. Miaka miwili baadaye, 1873, msafara wa Mwingereza Cameron ulipita njia hiyo, na kijana aliyekuwa anawafuata nyuma, Robert Moffat, mpwa wa Livingstone, homa ilimuua huko huko Mkata kabla hajawakuta wenzake.

Watu wa Kilosa hawahitaji kusimuliwa hayo. Mto Mkondoa, ule Stanley aliouandika Mukondokwa, ulivunja kingo zake mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ukaondoka na nyumba, ukazoa reli, na maelfu ya watu wakaishia kwenye mahema. Maji ya huku hayajali wewe ni nani.

Nani alikula nini

Hapa ndipo utamu ulipo, maana safari yoyote ukitaka kujua nani ni nani, tazama sahani.

Mpagazi alikula posho. Anapewa kipande chake cha kitambaa, anakwenda kijijini kubadilisha na mtama au mahindi, anasonga ugali wake jioni akiwa amechoka. Kama kijiji kimeficha chakula au bei imepanda, analala hivyo hivyo na kesho kilo 32 zinamsubiri.

Farquhar, yule mzungu wa tatu, alikuwa ametangulia na msafara mmoja. Stanley alipomkuta bondeni Mkondoa, sehemu inaitwa Kiora, alimkuta amevimba na hawezi kutembea. Na kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, jamaa alikuwa amekula bata bila breki: kuku, mayai, nyama ya mbuzi, kitambaa kinatoka kama maji. Yaani bajeti ya msafara imeishia tumboni. Aliachwa Mpwapwa kuuguzwa, na hakutoka hai. Shaw naye alifia Unyanyembe, Tabora.

Halafu kuna mpishi. Huyu ana jina, Stanley alimwandika Bunder Salaam. Lisome kwa sauti: Bandari Salama. Jina lenyewe linanukia chumvi ya bahari. Huyu ndiye aliyekuwa anapika kila alichokula bosi. Walipokuwa wametoka tu kwenye mji wa Simbamwenni, pale ilipo Morogoro leo, alishutumiwa kudokoa vitu vya bosi, eti kwa mara ya tano. Akachapwa viboko, akafukuzwa kambini. Stanley alikuja kuandika kwamba alitaka kumtisha tu, hakumaanisha aondoke kweli. Ila mpishi alimaanisha. Alitokomea porini. Punda aliyeondoka naye alikuja kuonekana, lakini yeye hapana. Askari waliotumwa kumtafuta wakaishia kukamatwa na malkia wa Simbamwenni.

Tafakari hapo kidogo. Mtu mmoja anakula mbuzi wa msafara hadi avimbe, anauguzwa. Mwingine anadokoa jikoni, anachapwa mpaka anapotea kwenye historia. Wote wawili kosa lao ni tumbo.

Ili uandikwe jina ufanye nini?

Kwenye msafara wa watu karibu 200, majina tunayoyajua ni ya kuhesabu. Na ukiyachunguza utaona mtu anapata jina kwa moja ya sababu mbili: awe kiongozi, au awe amemuudhi bosi.

Kiongozi mkubwa alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Huyu ni nyota kabisa, sijui kwa nini hana filamu yake. Myao, alikamatwa utumwani akiwa mtoto, akauzwa hadi India, akapata uhuru, akarudi Unguja. Alikuwa na Burton na Speke mwaka 1857, akarudi na Speke safari iliyofuata, akawa na Stanley 1871, kisha akavuka bara zima na Cameron. Ukihesabu kilomita alizotembea kwa miguu, hao wazungu wote wanne ni wanafunzi wake. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa medali ya fedha na pensheni. Lakini kule Mkata, mizigo ilipopotea mikononi mwa mtu aliyetoroka, Stanley alimvua cheo cha unahodha. Mtu aliyekuwa anaijua njia kabla Stanley hajaisikia.

Mwingine ni Rajabu. Mwaka 1872 Stanley akirudi pwani, tena masika, tena mafuriko kila kona ya ukanda huu, alikuwa na sanduku lenye barua na karatasi za Livingstone. Ndiyo uthibitisho wake kwamba hakudanganya. Rajabu, kijana wa msafara, akalichukua sanduku, akaliweka kichwani, akaingia mtoni. Katikati akatumbukia kwenye shimo, maji karibu yamfunike, sanduku juu. Stanley ufukweni akatoa bastola akamlenga: ukilidondosha nakupiga risasi. Rajabu akavuka. Tukio likachorwa kwenye kitabu cha Stanley, likauza duniani kote.

Kwa hiyo Rajabu tunamjua kwa sababu ya bastola. Aliyebeba shampeni hatumjui, na sababu ni rahisi: hakuidondosha. Alifanya kazi yake vizuri mno. Chupa ya kioo, miezi mizima, tope, mito, milima, na ilifika Ujiji nzima na gesi yake. Angeivunja pale Mkata, leo tungekuwa na jina lake, pengine na idadi ya viboko alivyochapwa.

Pembe na piano

Njia hiyo haikuwa ya Stanley peke yake. Ilikuwepo kabla yake, na iliyokuwa inashuka nayo pwani ni pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Sehemu ya pembe hizo zilipanda meli Unguja kwenda Marekani, jimbo la Connecticut, ambako kuna mji unaitwa Ivoryton mpaka kesho, yaani mji wa pembe. Zilikatwa vipande vyembamba vyeupe, zikawa vibao vya piano. Kwenye sebule nyingi za Marekani ya zama zile, baada ya chakula cha jioni binti wa nyumba anapiga piano, wageni wanapiga makofi, na chini ya vidole vyake kuna mnyama wa huku kwetu na jasho la mtu wa huku kwetu. Wote wawili bila jina.

Ndovu wenyewe wanajua gharama. Hata zama zetu hizi, kwenye mfumo wa ikolojia wa Selous na Mikumi waliporomoka kutoka karibu 39,000 mwaka 2009 hadi kama 13,000 mwaka 2013, sababu ni ujangili. Piano zilishaacha zamani kutumia pembe, soko likahamia kwingine. Ukimwona tembo Mikumi leo, unaangalia ukoo uliookoka mara mbili.

Leo mtalii anakujaje

Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, kilomita za mraba 3,230, jina limetokana na ile mimea ya jamii ya mnazi, mikumi. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapasua katikati yake kama kilomita 50, na ujenzi wa barabara hiyo kuelekea Zambia ulisaidiwa kwa pesa za Marekani hiyo hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, huku Mchina akijenga TAZARA. Vita baridi ikatuachia lami na reli, hatujalalamika.

Ndiyo maana abiria wa basi la Mbeya anafanya utalii wa bure dirishani, twiga huyo, nyati wale, halafu wote wanashuka Mikumi mjini kugombania chipsi mayai dakika kumi. Na Kilosa sasa treni ya umeme ya SGR inapita, tangu 2024 watu wanakwenda Dodoma kutoka Dar huku wamelala. Wiki 6 za Stanley zimekuwa saa chache.

Mmarekani wa leo ana njia nyingine tamu zaidi. Jana yake yuko Forodhani, Unguja, amebanana na umati, pweza mkono mmoja, urojo mkono wa pili. Asubuhi anapanda ndege ndogo, anashuka Mikumi, anaona simba Mkata, anapata chakula cha mchana, jioni anarudi Unguja kuogelea. Bandari ile ile ya Kapteni Webb, tambarare ile ile ya tope. Kwa siku moja.

Na simlaumu hata kidogo. Pesa zake zinalisha familia nyingi kuanzia Mikumi hadi Kilosa. Ninachotaka uangalie ni kitu kimoja: fungua picha atakazoposti. Simba atakuwa na jina la hifadhi. Chakula kitakuwa na jina la hoteli. Yule aliyemwona simba kabla ya wote, aliyekaa nyuma ya usukani tangu saa kumi na moja alfajiri, ataandikwa "dereva wetu". Aliyepika ataandikwa... hataandikwa.

Halafu fungua zako. Ndiyo, wewe mdau wa Sinza, wa Mwenge, wa Msamvu, uliyekwenda Mikumi na wenzako sikukuu ya juzi. Umeitagi gari, umetagi nguo, umetagi hadi miwani. Kaka aliyewaendesha siku nzima bila kuvunja chupa hata moja, anaitwa nani?

Kama unakumbuka jina lake, liweke hapo chini kwenye komenti. Kama hulikumbuki, namba yake bado unayo kwenye simu, umeisevu "Driver Mikumi". Mpigie. Muulize.